Msimamo wa ligi ya Estonia hausomwi peke yake

Fungua msimamo wa Esiliiga, daraja la pili la Estonia, msimu ukielekea ukingoni. Mara nyingi utakuta timu iliyo karibu na kilele haina habari na kupanda, huku iliyo chini yake ikipigania kila pointi. Shuka mkiani, utaona timu ina pointi za kutosha lakini bado haijui mwakani itacheza wapi. Sababu haipo kwenye jedwali hilo. Ipo kwenye jedwali la daraja la juu, au la chini, au kwenye meza ya kamati ya leseni. Kwa hiyo nitaeleza jinsi ninavyousoma msimu mzima wa Estonia, ngazi kwa ngazi, na mahali ambapo wasomaji wengi huteleza.

Tuanze na kalenda. Msimu ni mwaka mmoja wa kawaida: unaanza Machi na kumalizika Novemba. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Meistriliiga, ligi kuu, ilianza 1992 baada ya nchi kurudisha uhuru wake, na baada ya msimu mfupi wa kwanza wa 1992, miaka iliyofuata ilichezwa kuanzia majira ya kupukutika majani hadi masika ya mwaka unaofuata. Mwaka 1998 kikachezwa kimsimu kifupi cha mpito, kikachukuliwa na klabu ya Flora ambao walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa 1997–98. Ndiyo maana orodha ya mabingwa ina mataji mawili yanayogusa mwaka huo huo. Si kosa la uchapaji. Kuanzia 1999 msimu ni mwaka.

Kilicholazimisha kalenda hiyo ni theluji. Hata Machi viwanja vya nyasi asilia bado vimeganda au vimejaa tope, kwa hiyo wiki za mwanzo karibu zote huchezwa kwenye nyasi bandia, ikiwemo mechi za klabu ambazo uwanja wao wa nyumbani ni wa nyasi asilia. Juni jua la Tallinn, mji mkuu, linazama karibu saa tano usiku. Mwanzoni mwa Novemba linazama saa kumi na robo alasiri. Ninapopima matokeo ya Machi na Aprili huwa siyapi uzito sawa na ya Juni. Mpira unadunda tofauti, kila mmoja anacheza kwa tahadhari ya misuli, na timu inayotegemea pasi ndefu kwenye nyasi yake haijawa yenyewe bado.

Sasa hesabu. Timu ni 10, na kila moja inakutana na mwenzake mara nne, mbili nyumbani na mbili ugenini. Wapinzani 9 mara 4 ni mechi 36 kwa kila timu, 180 kwa ligi nzima, na pointi zisizozidi 108. Esiliiga na Esiliiga B, daraja la tatu lililoanzishwa 2013, zina muundo huo huo wa timu 10. Mwaka 2020 korona ilisimamisha ligi Machi, mara tu ilipoanza, ikarudi Mei ikiwa imefupishwa, kwa hiyo usilinganishe pointi za mwaka huo na za misimu ya mechi 36.

Kukutana mara nne kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua vigogo wanne: Flora, Levadia, Nõmme Kalju na Paide. Kila mmoja anacheza mechi 24 dhidi ya timu sita zilizobaki, na mechi 12 tu dhidi ya vigogo wenzake. Kwenye zile 24 vigogo hupata pointi nyingi mno, na tofauti kati yao huwa ndogo. Ubingwa unaamuliwa kwenye zile 12. Chora jedwali dogo la timu hizo nne peke yake, lijaze kila wanapokutana, na kufikia Julai utakuwa unajua mengi kuliko anayetazama msimamo mkubwa. Anayeongoza jedwali kubwa lakini yuko wa tatu kwenye dogo, mimi simwiti bingwa mtarajiwa. Pia ndiyo sababu sare ni ghali sana huko juu. Kalju walichukua ubingwa wa 2018 bila kupoteza mechi hata moja, na bado hawakuwa na raha ya kulala mapema, kwa sababu kila sare ilimsogeza mtu aliyekuwa nyuma yao.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni vibonde. Timu dhaifu haipigwi na kigogo mara mbili tu kwa mwaka, inapigwa mara nne. Mwaka 2011 Ajax ya Lasnamäe ilifungwa kwa wastani wa zaidi ya mabao 5 kwa mechi msimu mzima, na msimu huo huo straika wa Latvia, Aleksandrs Čekulajevs, aliifungia Narva Trans mabao 46. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Unapoona mfungaji bora wa Estonia ana mabao 30 na ushei, hesabu mangapi kati ya hayo yalitoka kwa timu mbili za mwisho kabla ya kumlinganisha na mtu wa ligi nyingine.

Julai jedwali huanza kudanganya. Bingwa wa mwaka uliopita anaingia mchujo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, na wengine wanaingia Conference League, katikati kabisa ya msimu wao. Mechi za ligi zinasogezwa na viporo vinarundikana. Acha kuhesabu pointi zilizopatikana, hesabu zilizopotea. Tuseme timu A ina 50 kwa mechi 20: zingewezekana 60, imepoteza 10. Timu B ina 47 kwa mechi 18: zingewezekana 54, imepoteza 7. Anayeongoza kwa haki ni B, ingawa jedwali linasema A. Ila kiporo si pointi mkononi. Kitachezwa Agosti au Septemba kati ya wiki, na kikosi kikiwa kimechoka kwa safari. Dirisha la usajili la Ulaya nalo linakuwa wazi kipindi hicho hicho, na klabu ya Estonia inaweza kuuza mfungaji wake ikiwa imebakiza karibu nusu ya mechi. Flora walionyesha 2021 kwamba safari hiyo inalipa: walikuwa klabu ya kwanza ya Estonia kufika hatua ya makundi ya mashindano ya UEFA. Ubingwa wa mwaka huo ulikwenda kwa Levadia.

Tufike kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko yote: timu za pili, yaani vikosi vya pili vya klabu. Waestonia huziita duubel, na kwenye jedwali utazitambua kwa herufi U21 au U19 baada ya jina la klabu. Zinacheza ndani ya ligi za kawaida, zikigombea pointi na klabu kamili za watu wazima. Sheria yake kuu ni fupi: duubel haikai daraja moja na timu mama, na haipandi ligi kuu. Matokeo ya sheria hiyo ni marefu.

Kwanza, kupanda. Duubel ya Levadia imewahi kushinda Esiliiga zaidi ya mara moja na ikabaki pale pale. Basi fanya hivi. Nakili msimamo wa mwisho, futa kila timu isiyoruhusiwa kupanda, panga upya. Kama wa kwanza ni duubel, wa pili ni klabu A, wa tatu ni duubel nyingine na wa nne ni klabu B, basi kwa kawaida A ndiye anayepanda na B ndiye anayetazama mchujo. Soma pia kanuni za mwaka husika, zinazoitwa juhend, uone nafasi hiyo inaweza kushuka hadi wapi, maana kanuni hurekebishwa.

Pili, kushuka. Hapa wengi husahau kabisa. Timu mama ikishuka kutoka ligi kuu kwenda Esiliiga, duubel yake haiwezi kuwa humo. Nõmme United waliposhuka mwishoni mwa 2024, mlango wa Esiliiga ulifungwa kwa kikosi chao cha pili, hata kingefanya maajabu gani. Mnyororo huo huo unakwenda chini, kwa sababu klabu kubwa ina hata kikosi cha tatu. Kushuka kwa timu moja juu kunaweza kusukuma timu mbili chini, na anayepona ni mtu wa daraja la tatu ambaye hakuhusika.

Tatu, ugumu wa mechi yenyewe. Duubel ya Jumamosi hii si ile ya Jumamosi ijayo. Timu kubwa ikiwa haina mechi, wachezaji wa akiba wa ligi kuu hushushwa wapate dakika, na klabu ndogo iliyokuja na mabasi yake inakutana na watu waliocheza Ulaya mwezi uliopita. Wiki mbili baadaye duubel hiyo hiyo ni vijana wa miaka 17. Kabla sijasema timu fulani ya Esiliiga imeporomoka, nafungua vikosi vya mechi zake dhidi ya duubel na kuangalia wangapi walikuwa na mechi za ligi kuu mwaka huo. Naona mfumo huu una faida kubwa kwa kulea vijana katika nchi ya watu milioni 1.3 hivi, ila gharama yake inabebwa na klabu ndogo, na hilo lisemwe wazi.

Kati ya ligi kuu na Esiliiga, timu ya 10 inashuka moja kwa moja na ya 9 inacheza mchujo, kwa Kiestonia üleminekumängud, mechi mbili, moja nyumbani na moja ugenini, za Novemba wakati baridi imeshaingia. Hata hapo usifunge daftari. Leseni inakuja baadaye, na leseni inaweza kufuta kazi ya mechi 36. Mfano mzuri ni majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018. Infonet, mabingwa wa 2016, waliungana na Levadia. Sillamäe Kalev nao wakatoka ligi kuu kwa matatizo ya fedha. Nafasi mbili zikawa wazi, Kuressaare na Tallinna Kalev wakapanda kuzijaza, na klabu nyingine nane zote zikabaki. Kwa hiyo orodha ya washiriki ya mwezi Machi ndiyo ya kuaminika, na jedwali la Novemba ni pendekezo tu.

Jiografia inaeleza sehemu ya hayo. Tangu 1992 hakuna bingwa aliyetoka nje ya Tallinn na viunga vyake. Aliyekuwa mbali zaidi ni Levadia enzi zake za Maardu, mji unaopakana na Tallinn. Narva Trans, klabu ya mpakani na Urusi, imetoa mfungaji bora wa muda wote, Maksim Gruznov, mwenye mabao 304, lakini haijawahi kuchukua ligi. Kutoka Narva hadi Kuressaare, kwenye kisiwa cha Saaremaa, ni zaidi ya kilomita 400 na kivuko cha Virtsu katikati. Mechi mbili za ugenini huko kwa mwaka ni nyingi kwa klabu yenye basi moja, ndiyo maana chini ya Esiliiga B ligi zimekuwa zikigawanywa kwa kanda. II liiga, ambayo licha ya jina lake ni daraja la nne, kwa miaka mingi ilikuwa na kundi la kaskazini-mashariki na la kusini-magharibi. III na IV liiga zinafuata mtindo huo wa majirani.

Huko chini wachezaji wana kazi na masomo, na vijana wa kiume wanaitwa jeshini kwa miezi 8 au 11. Timu inaweza kuja na watu 11 kamili bila akiba, au isije kabisa. Kwenye matokeo utaona alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande mwingine: hiyo ni ushindi wa mezani. Zihesabu kando kabla ya kusema timu ina safu kali ya ulinzi.

Kombe la Estonia, lenye jina la kipa Evald Tipner, linakatiza misimu: linaanza mwaka mmoja na fainali yake ni Mei ya mwaka unaofuata. Bingwa wake anaweza kuwa amebadilisha nusu ya kikosi njiani. Tena ni wazi kwa wote na droo haiwalindi wadogo. Mei 2015 Infonet waliifunga Virtsu, timu ya kijiji cha kile kivuko, mabao 36–0, na Trevor Elhi peke yake akafunga 10. Matokeo ya raundi za mwanzo za kombe usiyachanganye na wastani wowote wa mabao.

Kwa atakayefuatilia moja kwa moja, majedwali rasmi ya madaraja yote yako kwenye tovuti ya shirikisho la nchi, EJL, jalgpall.ee. Ligi kuu utaikuta kwa jina la udhamini, Premium liiga. Voor ni raundi, võit ushindi, viik sare, kaotus kushindwa, väravad mabao, kodus nyumbani, võõrsil ugenini. Võit na viik zote zinaanza na V, kwa hiyo kwenye jedwali lililofupishwa angalia mpangilio: ushindi kwanza, sare baadaye, halafu K ya kushindwa.