Kipaji au Mazoezi: Yanayosemwa na Yaliyopimwa

Inaaminika sana kwamba mkimbiaji au mwendesha baiskeli yeyote anayejituma vya kutosha atafika walikofika mabingwa. Utafiti wa HERITAGE, uliofanyika Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1990, uliwapa watu wasiokuwa na mazoea ya mazoezi programu moja ya baiskeli ya ndani kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda, lakini wapo ambao hawakusogea karibu hata kidogo na wapo waliopanda kwa zaidi ya lita moja kwa dakika, huku watu wa familia moja wakifanana kuliko watu wa familia tofauti. Kumbe hata kunufaika na mazoezi ni sehemu ya kipaji, jambo ambalo pande zote mbili za ubishi huu hulisahau.

Wengine hudai kwamba, ikiwa ndivyo, bingwa anaweza kutambuliwa mapema maabara. Mwaka 2012 Mnorwe Oskar Svendsen aliripotiwa kufikia mililita 97.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kiwango ambacho ni nadra mno, na mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa dunia wa vijana katika mbio za baiskeli za kushindana na saa. Hata hivyo, mwaka 2014 aliacha mashindano; namba ya maabara peke yake haikutosha kumbakiza kileleni.

Paula Radcliffe wa Uingereza anafundisha zaidi. Kipimo chake kilikuwa karibu mililita 70 alipokuwa msichana mwaka 1992, na kilibaki papo hapo hadi 2003, alipokimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Aliyetazama namba hiyo peke yake angesema miaka yote ile ya mazoezi haikuleta kitu. Kilichobadilika ni matumizi: kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, oksijeni aliyoihitaji ilipungua kwa takriban asilimia 15. Alizaliwa na injini kubwa, hilo halina ubishi, ila mazoezi ndiyo yaliyoifundisha kubana mafuta.

Ama vipimo vya jeni wanavyouziwa wazazi ili wajue kipaji cha mtoto michezoni, vingi hutegemea jeni ya ACTN3, inayohusishwa na misuli ya kasi. Karibu mtu mmoja kati ya watano duniani hana protini inayotokana nayo, na wengi mno kati yao hawatashinda mbio zozote, ndefu wala fupi.