Kulinda Umakini wa Mafundi Katika Eneo la Ujenzi

Tofali lililoachwa ukingoni mwa jukwaa, mita 20 juu ya ardhi, likiguswa na mguu wa mtu huchukua takribani sekunde 2 kufika chini, na wakati huo huwa limefikia mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Sekunde 2 ndizo mtu anazotumia kutoa simu mfukoni na kutazama nani anapiga. Ndiyo maana sisi tunaokagua usalama kazini, tukiingia mahali pa ujenzi, hatuanzi kwa kuhesabu kofia ngumu. Tunaanza kwa kuangalia macho ya watu yako wapi, na ni nini kinachoyaondoa kwenye kazi iliyo mikononi mwao.

Taarifa nyingi za ajali huishia na sentensi moja: mfanyakazi hakuwa makini. Nimeisoma mara nyingi na haijawahi kuniridhisha, kwa sababu umakini wa binadamu haukai pale pale kutwa nzima. Hupunguzwa na jua, njaa, usingizi mchache, mtoto anayeumwa nyumbani, ujira uliochelewa, na kazi ileile inayorudiwa tangu asubuhi hadi mkono ukaizoea kuliko akili. Msimamizi anayewaambia watu wake "kuweni makini" kisha akaondoka hajaweka kinga yoyote. Swali analopaswa kujiuliza kabla kazi haijaanza ni hili: fundi wangu akipitiwa kwa dakika moja tu, kuna kitu gani kitakachomzuia asife?

Katika jengo moja nililolikagua, fundi seremala alikuwa ghorofa ya tatu akipigilia mbao za kumwagia zege. Simu yake ikaita. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili kutafuta mahali penye utulivu, akaipokea. Nyuma yake ubao mmoja wa jukwaa ulikuwa umetolewa asubuhi ile na kikundi kingine kilichokuwa kikipandisha ndoo, nao haukurudishwa. Mguu wake wa kulia ulizama hadi pajani, akabaki amelikumbatia bomba la jukwaa. Aliumia goti, lakini alipona. Taarifa iliyoandikwa ililaumu simu na mwenye simu. Haikusema kwamba aliyepiga alikuwa msimamizi wake mwenyewe, aliyesimama chini ya jengo hilohilo akitaka kujua nondo ngapi zimebaki, wala haikuuliza nani aliruhusu ubao uondolewe bila sehemu ile kufungwa.

Kwa hiyo katazo la simu lisiloanza na wasimamizi halina nguvu. Utaratibu unaofanya kazi ni ule unaotenga mahali pa kupokelea simu, chini na mbali na mashine, huku mawasiliano ya kikazi yakipitia redio au mtu kufika mwenyewe na kusubiri fundi asimame vizuri. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kuzipa familia za wafanyakazi namba ya ofisi ya ujenzi, kwa ajili ya dharura. Mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani hataacha simu yake kwenye sanduku, na siwezi kumlaumu. Lakini akijua kwamba akitafutwa ataitwa mara moja, ataiacha.

Magari na mitambo yanahitaji uangalifu wa pekee. Tipa linalorudi nyuma kwa kilomita 10 tu kwa saa husogea karibu mita 3 kila sekunde, na dereva wake haoni kilicho nyuma ya tairi. Kinga ya kwanza ni kupanga njia ili magari yaingie upande mmoja na kutokea mwingine, yasilazimike kurudi nyuma kabisa, na njia za waenda kwa miguu zitengwe kwa uzio imara, kwani utepe pekee haumzuii mtu aliyebeba mbao begani. Pale ambapo kurudi nyuma hakuepukiki, awepo mwelekezaji mmoja mwenye fulana inayoakisi mwanga, na dereva asimame papo hapo asipomwona. Mwelekezaji huyo asipewe kazi nyingine hata ndogo. Nimeona wageni, na wakati mwingine mwenye jengo mwenyewe, wakimwendea mwelekezaji kumuuliza habari za maendeleo ya kazi huku winchi imening'iniza mzigo juu ya vichwa vya watu. Mgeni apokelewe ofisini, avalishwe vifaa, aongozwe, na maswali yake yajibiwe na mtu asiyeshika ishara.

Kelele nayo huiba umakini. Kiwango kinachotambuliwa na wataalamu wengi kuwa mwanzo wa hatari kwa masikio ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye mashine ya kukatia nondo inayotoa desibeli 100 muda huo ni kama dakika 15 tu. Vizibo vya masikio ni vya lazima hapo. Hata hivyo fundi aliyeziba masikio hasikii king'ora cha tipa wala sauti ya mwenzake, na kwa sababu hiyo kazi za kukata na kusaga zinafaa kuwekwa pembeni, mbali na njia za mitambo, na ishara za mikono zikubaliwe na wote mapema. Spika za masikioni za kusikilizia muziki hazina nafasi popote katika eneo la ujenzi.

Mitaro nitaitaja kwa ufupi, ingawa huua haraka. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Kuta zisizoegemezwa zikiporomoka, aliye ndani hana muda wa kukimbia hata angekuwa makini kiasi gani.

Yote haya yanategemea mfanyakazi kuwa na ruhusa ya kusimamisha kazi. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya katika ujenzi, unamtambulia mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, na unampa wajibu wa kumjulisha msimamizi wake mara moja. Haki hiyo hufa siku kibarua wa kwanza anapoitumia akafokewa. Siku moja nilishuhudia kijana saidia fundi, mwenye wiki mbili kazini, akipaza sauti katikati ya umwagaji wa zege kwa sababu aliona mrunda mmoja, yaani nguzo inayoshikilia mbao za zege kutoka chini, umeinama. Msimamizi alisimamisha mashine, akawashusha watu wote, akapita chini kukagua mirunda mmoja baada ya mwingine. Mitatu ilikuwa imekaa kwenye udongo laini bila ubao chini yake. Iliwekewa mbao, ikakazwa, na kazi ikaendelea baada ya dakika 40, kijana yule akiwa amepangwa kuitazama mirunda hiyo hadi zege yote ilipokwisha kumwagwa.