Moyo ukikuambia, uulize umejuaje

Sentensi ninayoisikia kuliko zote katika chumba changu cha ushauri ni hii: "Moyo wangu unaniambia kuna jambo baya." Anayeisema haji ili tuichunguze pamoja. Kwake kesi imekwisha, moyo umeshatoa hukumu, na anachotaka kujua ni ataishije na adhabu. Mimi ni mwanasaikolojia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuifungua upya kesi hiyo.

Chukua mfano huu, ambao nimeuunganisha kutoka kwa watu wengi ili asitambulike hata mmoja. Jioni, mfanyakazi anapokea ujumbe wa bosi wake: "Kesho asubuhi pitia ofisini kwangu." Maneno matano. Kufikia saa sita usiku ameshafukuzwa kazi, ameshindwa kulipa kodi, watoto wamekosa ada na ndugu wameanza kumcheka. Bosi mwenyewe hajaongeza hata neno la sita.

Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, aliyefanya kazi zake huko Pennsylvania, Marekani, aliliona jambo hili kwa wagonjwa wa sonona miaka ya 1960. Nyuma ya yale waliyomsimulia kulikuwa na mkondo mwingine wa mawazo mafupi, ya haraka, yanayojileta yenyewe, ambayo mwenyewe huyaamini kabla hajajua kuwa ameyawaza. Tiba ya utambuzi tunayoitumia leo, yaani ile ya kuyachunguza mawazo na kuyarekebisha, ilianzia hapo. Wazo lenyewe ni la kale zaidi: Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, alikwishafundisha kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yanayotokea, husumbuliwa na namna wanavyoyahukumu.

Mawazo hayo yana mitindo yake. Kuna kusoma vichwa vya watu ("ananidharau, naona machoni"), kubashiri maafa, kuona kila kitu ni ama kamili ama bure, na kujibandika jina: umechelewa siku moja, unajiita mzembe. Hii huwa haichukui muda kuieleza, watu wanajiona humo na kucheka.

Mtindo unaonipa kazi ni ule wa kuichukua hisia kama ushahidi. Nina hofu, basi kuna hatari. Najisikia hatia, basi nimekosa. Ni mgumu kwa sababu hisia haidanganyi kuhusu kuwepo kwake: hofu ipo kweli, tumbo limekaza, mapigo yanakwenda mbio. Kinachoweza kuwa na kosa ni ile "basi" katikati. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawakumlaumu kwa kushtuka. Ubongo umeumbwa kuegemea upande wa tahadhari, maana kuudhania ung'ongo kuwa nyoka ni hasara ndogo kuliko kinyume chake. Taabu huanza mtu anapoukimbia ung'ongo usiku kucha bila kugeuka hata mara moja kuutazama.

Nami mtego huu hunishika. Niliwahi kuendesha mafunzo kwa watu kama arobaini, mmoja akasinzia mstari wa mbele. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimewachosha wote. Waliokuwa wakiandika na kuuliza maswali walikuwa wameshafutika kichwani mwangu.

Ushauri unaotolewa kwa wingi katika hali kama hiyo ni wa aina mbili, na zote mbili sizipendi. Wa kwanza ni "fikiria mazuri tu". Mtu mwenye hofu ya kweli akiambiwa hivyo anaona hujamsikiliza. Wa pili ni "jikaze, usiwaze". Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka washiriki wa jaribio wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, waliokatazwa kwanza walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo linalosukumwa mlangoni hurudi kupitia dirishani.

Ninachopendekeza ni kalamu. Andika wazo lilivyo, kisha ongeza mbele yake "nina wazo kwamba". "Nitafukuzwa" na "nina wazo kwamba nitafukuzwa" haviumi sawa. Halafu jiulize nini umekiona au kukisikia kwa hakika, nini umekijazia mwenyewe, na ikiwa ndivyo ilivyo, utafanya nini asubuhi. Swali hilo la mwisho watu hulikwepa, nami ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa linatenganisha kutafakari na kucheua. Ng'ombe akicheua, chakula husagika. Binadamu akicheua wazo lile lile hadi alfajiri, linatoka zima kama lilivyoingia. Ikisaidia, jiite kwa jina lako unapojiuliza. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wameonyesha kwamba kujisemesha kama unavyomsemesha mwingine humpa mtu nafasi ya kupumua.

Si kila wazo baya limepotoka, hata hivyo. Anayepigwa au kunyanyaswa hana haja ya kurekebisha fikra, anahitaji usalama. Na huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo bila kukuachia, au ukianza kuwaza kufa, usibaki na daftari peke yako. Mwone mtaalamu, na kama ni kuwaza kufa, mwone leo.

Nadhani neno ustahimilivu limetupotosha kidogo, kwa kuwa linamchora mtu anayeumia kimya. Mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Kati ya waliokulia katika umaskini na nyumba zenye misukosuko, takriban mmoja katika kila watatu alikua vizuri. Jambo moja lililojitokeza kwao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemea. Kwa hiyo mteja akiniambia "sitaki kumsumbua mtu", hapo ndipo tunapoanzia kazi, kabla hata ya daftari.

Yule mfanyakazi alikwenda ofisini. Moyo wake ulikuwa na ukweli kidogo: ripoti yake ilikuwa na kosa, na alisemwa. Alilirekebisha kabla ya saa sita mchana. Katika daftari lake, chini ya "nilichotabiri", kuna mistari kumi na mmoja. Chini ya "kilichotokea" ameandika mmoja tu: "Jedwali, ukurasa wa 3."