Siri ya ndugu Wright haikuwa injini

Wengi huamini kwamba Wilbur na Orville Wright waliruka kwa ndege ya injini, wa kwanza kufaulu, Desemba 17, 1903 kwa kuwa walipata injini yenye nguvu kuliko wenzao. Si kweli. Injini yao ilikuwa na nguvu ya farasi 12 hivi. Siku tisa kabla, ndege ya mwanasayansi Mmarekani Samuel Langley, mshindani wao, yenye injini ya nguvu ya farasi 52, ilitumbukia katika mto Potomac.

Soma barua ambayo Wilbur alimwandikia mhandisi Octave Chanute Mei 13, 1900, wakati hawana injini yoyote. Anasema kinachohitajika hasa ni ustadi kuliko mitambo. Kisha anaeleza jinsi tumbusi aliyeyumbishwa na upepo anavyosokota ncha za mabawa yake mpaka akae sawa. Barua nzuri mno! Mwaka 1899 walikuwa wameshalijaribu wazo hilo kwa kishada, wakiyapinda mabawa kwa kamba.

Chanute, aliyeandikiana nao miaka kumi, alitamani ndege inayojisawazisha yenyewe. Wao, mafundi baiskeli, waliridhika na ndege isiyotulia, mradi rubani awe na uwezo wa kuirudisha sawa kila inapoinama.