Jina lisiloandikwa kwenye karatasi ya wapiga kelele

Ijumaa iliyopita, kikao cha wazazi kimeisha, baba mmoja alinifuata mlangoni. "Mwalimu, kwa huyu wangu sina wasiwasi kabisa. Ukimwambia kaa, anakaa. Maadili kapata A. Wewe hangaika na hao wengine, na wakikusumbua chapa tu. Samaki mkunje angali mbichi." Ni mtu mzima kunizidi, nikamjibu, "Asante mzee, tutaongea zaidi." Nikapanda daladala ya kwenda Pasua, moyo unachemka. Nimefundisha madarasa ya chini hapa Moshi kwa miaka 14, na maneno hayo sijayakosa katika kikao hata kimoja: mtoto aliyetulia ana tabia njema, asiyetulia hana.

Si kweli, na safari hii nitalieleza kwa urefu.

Mwanawe ni mmoja wa watoto 9 niliogundua muhula huu kwamba walikuwa wanamlipa kiranja asiwaandike.

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaijua karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anasimama mbele na kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini. Ukiongea unaandikwa. Ukirudia, jina lako linaongezewa alama. Mwalimu akirudi anapokea karatasi, anaita majina, na utetezi haupokelewi. Mimi mwenyewe nimeitumia miaka mingi. Darasa lina watoto 82, madaftari ya kusahihisha yamejaa mezani, na niliona ndiyo njia pekee ya kupata dakika 20 za kimya.

Hebu tazama tunachofundisha pale. Mtoto wa miaka 9 amepewa uwezo wa kumpeleka mwenzake kwenye adhabu, bila shahidi. Haimchukui wiki kujua kwamba jina lina bei. Muhula huu bei ilikuwa karanga za shilingi 100, au nusu andazi wakati wa mapumziko. Asiye na kitu anaandikwa hata kama alikuwa anasinzia. Mwenye karanga anaongea mpaka kengele. Nilipowaketisha nikawauliza, walinieleza wote bila kuona haya, kwa sababu kwao lile halikuwa kosa. Ndivyo darasa lao linavyoendeshwa. Yule mpole niliyekuwa namsifu alikuwa amejua ni wakati gani mwalimu anatazama, ni nani ameshika kalamu, na huyo mwenye kalamu anapenda kula nini. Hayo alifundishwa kwenye darasa langu, na karatasi ile niliianzisha mimi.

Kuhusu fimbo sitakaa sana. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema viboko ni kwa kosa kubwa, visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kelele si kosa kubwa. Nimewahi kuishika fimbo, sifichi, na nilichopata ni watoto wanaotazama mkono wangu badala ya ubao.

Kinachoniumiza zaidi ni ile A. Mzazi anaamini kwamba mtoto akishajua kuiba ni vibaya, kazi imekwisha. Jamani, wote wanajua! Muulize mtoto yeyote wa darasa la pili, atakujibu kabla hujamaliza swali. Mtihani unapima jibu hilo, nasi tunaliandika kwenye ripoti kana kwamba tumempima mtoto. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi aliandika mwaka 1932 juu ya watoto aliowasimulia hadithi mbili: mmoja kasukuma mlango bila kujua nyuma yake kuna vikombe, vikavunjika 15, mwingine kavunja kimoja akinyakua jemu mama hayupo. Wadogo wengi walisema wa vikombe 15 ndiye mbaya zaidi. Mimi huisimulia kwa sukari badala ya jemu, na kila mwaka watoto wa darasa la pili hunijibu hivyo hivyo. Wa darasa la nne huanza kuuliza, "Alikusudia?" Swali hilo linanipa mengi kuliko A, na halina pa kuandikwa kwenye ripoti.

Watafiti wawili wa Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May, walitoa kati ya mwaka 1928 na 1930 matokeo ya kazi waliyofanya kwa watoto zaidi ya 10,000, wakiwapa nafasi za kuigilizia, kusema uongo na kuiba huku watoto wakidhani hawaonekani. Aliyekuwa mwaminifu mahali pamoja aliweza kudanganya pengine, na kujua mema na mabaya hakukutabiri sana atakachofanya. Waliozichambua upya takwimu hizo baadaye walisema uthabiti fulani upo, ila ni mdogo. Mwalimu wa darasani haoni ajabu. Nina binti anayerudisha shilingi 50 aliyoiokota uwanjani, na siku ya jaribio anaandika majibu kwenye paja.

Karatasi niliifuta mwezi wa tatu. Kwanza nilijaribu kinyume chake, kiranja aandike waliomsaidia mwenzao. Ikaharibika ndani ya wiki mbili: watoto wakawa wanaangusha vifutio makusudi ili rafiki aokote wote wawili waandikwe. Nikaifuta na hiyo.

Sasa nina kopo la penseli 20 dirishani. Asiye na penseli anachukua, saa ya kutoka anarudisha. Hakuna kiranja, hakuna daftari la majina. Ijumaa tunazihesabu kwa sauti, na zikipungua simtafuti mwizi. Nauliza tu, "Jumatatu nani atakosa?" Wanataja majina ya wenzao ambao huwa hawana. Wiki ya kwanza zilirudi 11. Sasa zinarudi 16 au 17. Hazijawahi kufika 20.

Je, hiyo ni tabia, au ni tabia ya kopo tu? Sijui. Mwezi wa tano mgeni alileta kalamu mpya za rangi, nikaziacha kabatini bila kufunga, zikaisha kabla ya saa nne. Watoto ni walewale wa kopo. Usiku huo sikulala vizuri. Na zipo siku kelele hunizidi, mwalimu wa darasa la jirani anakuja kuchungulia, na ninaitamani ile karatasi.

Kisha mtoto anarudi nyumbani, anayedai mkopo anabisha hodi, mama ananong'ona, "Mwambie nimekwenda Kibosho." Naijua njaa ya marejesho, simnyooshei mama kidole. Lakini mtoto anayesema hivyo kwa utii kabisa, bila kubisha, ndiye yuleyule anayeitwa mpole kwenye kikao.

Jumatatu nitampigia yule baba. Sitaanza na karanga. Nitamuuliza kama aliwahi kumsikia mwanawe akimkatalia mtu jambo, hata mara moja, na alipokataa yeye baba alimfanyia nini.