"Injinia, gari liko tayari, bado karatasi tu"

Wiki haipiti bila kuisikia. Simu inaita, upande wa pili mtu ana furaha kama bwana harusi. Gari la babu yake limefufuka: rangi imekauka, viti vimeshonwa upya, injini kubwa imepachikwa na inanguruma hadi majirani wanachungulia. Kisha ile sentensi. "Injinia, gari liko tayari, bado karatasi tu."

Nikiisikia hiyo najua siku yetu imeharibika, yake na yangu.

Kazi yangu ni kukagua magari ya zamani na yaliyobadilishwa, halafu kutia saini, au kukataa kutia, kabla hayajasajiliwa kutembea barabarani. Sheria za nchi moja hazifanani na za nyingine, ila makosa ya wateja yanafanana kama mapacha. Nimeamua kuyaandika haya nipate mahali pa kumwelekeza mtu nisirudie maneno yaleyale kila Jumatatu.

"Tumalize gari kwanza, mkaguzi aje mwisho"

Hii ndiyo mama yao wote, na ndiyo inayowatia watu hasara kuliko kutu.

Mtu anadhani mkaguzi anakuja kuangalia gari kama mnunuzi anavyoangalia: linang'aa, linawaka, linasimama ukikanyaga breki. Mimi naweka jina langu chini ya vitu ambavyo gari likishakamilika havionekani tena. Kilicho nyuma ya zulia. Kilicho chini ya pati ya kuzibia bodi. Weldi iliyofunikwa na rangi nyeusi inayong'aa. Gari linapokuja limekamilika, nusu ya kazi yangu imeshafukiwa na aliyeifukia amelipwa akaenda zake.

Nikupe mfano. Kijana mmoja aliniletea gari aina ya kupe la miaka ya sabini, la milango miwili, zuri kweli. Kiwandani lilitoka na mikanda ya kiunoni tu viti vya nyuma. Yeye, kwa nia njema kabisa, akaweka mikanda ya pointi tatu ili watoto wake wakae salama. Nikamuuliza boliti ya juu, ile ya begani, imeshika nini. "Kuna bati nyuma yake, injinia. Fundi wangu hana mchezo." Unene gani? Limechomelewa kwenye nini? Una picha? Kimya. Ikabidi kitambaa cha dari, ambacho kilikuwa na siku tisa tangu kigundishwe, kibanduliwe. Ndani tukakuta washa moja, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, haizidi kifuniko cha soda, imelala juu ya bati jembamba la bodi. Hakuna kingine.

Sasa elewa kipimo chenyewe. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa inayohusu vishikizo vya mikanda, Kanuni namba 14, inataka kwa gari dogo la abiria mkanda wa pointi tatu uvutwe kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 1,300 upande wa kifua, na nyingine kiasi hichohicho upande wa kiuno, zote kwa pamoja. Ni kama kuning'iniza gari zima kwenye kamba ya begani na jingine kwenye ya kiunoni. Ile washa ingetoka kama kifungo kinavyong'oka na kipande cha shati. Kijana alilipa fundi wa viti mara mbili, akanikasirikia mimi. Angenipigia kabla, ningemwambia kwa dakika tano: bati nene la kuimarisha, pana kama kiganja, kona zimeviringishwa zisikate bodi, nati imechomelewa nyuma, na picha ya kila hatua.

Usukani ndio mbaya zaidi. Injini mpya ikiingia, manifoldi ya ekzosi inagusa shafti ya usukani. Fundi anaikata shafti, anaipindisha njia, anachomelea, anapiga rangi. Kwa macho ni safi. Lakini weldi inaweza kulala juu ya chuma bila kuingia ndani hata kidogo, na siku itakapoachia, dereva ameshika duara lisilounganishwa na kitu. Weldi ya namna hiyo mimi siipitishi kwa kuitazama. Nataka kujua chuma ni cha aina gani, nani kachomelea, na imepimwa nyufa kabla ya rangi. Mara nyingi jibu langu ni fupi zaidi: itoe, weka jointi za usukani zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye meno yanayoingiana na boliti ya kubana. Fundi akikwambia weldi ni rahisi zaidi, anasema kweli, kwake.

Halafu kuna mnyororo. Watu hudhani kubadili injini ni kubadili injini. Injini nzito ya mbele inashusha pua ya gari, kwa hiyo springi za mbele hazifai tena. Ukiweka kamshafti kali, ile shafti inayofungua valvu, mvutano wa hewa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa unapungua wakati injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na busta ya breki, inayousaidia mguu wako kukanyaga, inaishi kwa mvutano huo. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe hapohapo unapoihitaji, kwenye foleni. Gari lililokuwa linachoka kwenye kilomita 100 kwa saa sasa linafika 140 bila jasho, na katika mwendo huo breki zinabeba karibu mara mbili ya nishati. Breki za dramu za mwaka wa kuzaliwa kwako hazijui hilo. Ukiniita mwishoni nitakukatalia gari kwa ajili ya breki, nawe utasema, "Lakini breki sikuzigusa!" Ndiyo. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Kwa hiyo nataka nini? Ukurasa mmoja kabla grenda haijawashwa. Injini gani, giaboksi gani, difu gani, uzito wa mbele na nyuma, breki, rimu na tairi. Tukae dakika kumi. Wakati mwingine mpango mzima unageuka pale mezani, na kugeuza karatasi ni bure.

Na hapa niseme ushauri ambao wenzangu wananicheka nao: usipige rangi hadi gari litembee. Niletee likiwa na praima, rangi ya chini tu, waya zinaning'inia, kiti kimoja. Mimi gari lililo uchi nalipenda kuliko lililovaa suti. Piga picha kila kitu kabla hakijafunikwa, weka futi pembeni ili vipimo vionekane, na kila boliti uliyoikaza kwa torki, yaani kwa nguvu iliyopimwa, ichoree mstari kwa kalamu ya rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku mstari ukikatika, umejua nati imezunguka. Nikiuona mstari huo kwenye gari, hata sauti yangu inabadilika.

"La zamani halikaguliwi"

Hii inatokana na ukweli uliosikika nusu. Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 haliendi ukaguzi wa kila mwaka. Watu wakaishia hapo. Hawakusoma kwamba gari lililobadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita halimo kwenye msamaha, na kwamba hata lililosamehewa, kuliendesha likiwa bovu bado ni kosa. Ujerumani, gari la miaka 30 lililotunzwa katika hali yake ya asili linaweza kupewa namba zenye herufi H, na bado linarudi ukaguzini kama mengine.

Marekani nako kuna ile miaka 25 inayoimbwa na kila mpenda magari. Hiyo inahusu kuingiza gari nchini bila kulazimika kutimiza viwango vya usalama vya serikali kuu. Moshi una hesabu yake nyingine, na kusajili ni kazi ya jimbo. Mtu analeta gari la mwaka unaoruhusiwa, analipeleka California, ndipo anagundua kwamba huko msamaha wa kupima moshi ni wa magari ya petroli ya 1975 kurudi nyuma. Na ukipachika injini nyingine huko, isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari, tena ije na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi.

Umri unabadilisha gari litapimwa kwa viwango vya mwaka gani. Kwa gari lililobadilishwa, hauondoi upimaji. Na ukishapachika vitu vya kisasa, usinijie na hoja ya umri; gari la 1968 lenye injini ya 2005 si la 1968 tena mbele ya meza yangu.

"Mbona ukaguzi wa mwaka limepita miaka mitatu?"

Yule wa ukaguzi wa mwaka anaangalia kama kilichopo kimechakaa: pedi, boljointi, taa, tairi. Kama kilichopo kiliruhusiwa kuwekwa si swali lake. Anaweza kukusifia springi zako zilizokatwa kwa sababu hazijavunjika.

Na kwa kuwa tumezitaja: springi ukiikata inakuwa ngumu zaidi, si laini, na fupi kiasi kwamba tairi likining'inia hewani springi inacheza kwenye kikombe chake. Iliyokatwa kwa moto imepoteza uimara wa chuma chake pale ilipoungua. Mimi huinua gari kwa jeki, magurudumu yaning'inie, naizungusha springi kwa mkono. Ikizunguka, tumemaliza mazungumzo.

"Kifaa kina nembo, kwa hiyo ni halali"

Ile herufi E ndani ya duara yenye namba pembeni inasema kifaa kiliidhinishwa, na namba inataja nchi: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi. Haisemi kimeidhinishwa kwenye gari lako, wala pamoja na kila utakachokiunganisha nacho.

Taa ndiyo shule nzuri. Chukua balbu ya H4 uiangalie karibu na jicho. Ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa mwanga mfupi kuna kijiko kidogo cha chuma. Kijiko hicho ndicho kinachokata mwanga usimpige anayekuja mbele yako. Kioo cha taa kilichorwa kwa kufuata nyuzi hizo, kwa kipimo cha chini ya milimita. Ukichomeka humo balbu ya zenoni, isiyo na uzi, inayowaka kwa gesi, nembo iliyo kwenye kioo haina maana tena, maana kilichoidhinishwa ni taa na balbu ya aina yake. Mteja husema, "Lakini naona vizuri sana." Wewe ndiyo. Muulize uliyepishana naye.

"Likishapita limepita"

Cheti kinaelezea gari lilivyokuwa siku niliyoliona. New Zealand gari lililobadilishwa hubandikwa kibati chenye orodha ya mabadiliko yaliyokubaliwa. Kinachozidi orodha hakimo. Ujerumani ukibadili kitu kinachotarajiwa kuhatarisha wengine, au kinachoongeza moshi na kelele, kibali cha gari kinakufa chenyewe, bila barua wala simu. Kwa hiyo yule anayepita kwangu na rimu za kiwandani, kisha jioni anafunga spesa za kusogeza rimu nje na tairi zinazotoka nje ya matao ya bodi, ana karatasi ya gari jingine. Siku ya ajali, bima ndiyo itakayomweleza, tena kwa maandishi.

Tairi pia, maadamu tuko hapo. Gari la maonyesho lina kashata zote, lakini kwenye ubavu wa tairi tarakimu nne zinasomeka 2309: wiki ya 23, mwaka 2009. Zikiwa tarakimu tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000. Silipimi hata kashata.

"Namba ya chesisi ilikuwa haisomeki, nikaigonga upya"

Hapa naomba unisikilize. Mzee mmoja mwaminifu, gari ni la ukoo, karatasi zote anazo tangu mmiliki wa kwanza. Kutu ilikuwa imekula eneo la namba. Fundi wake akalisugua kwa grenda hadi chuma kikawa cheupe, akachukua patasi za tarakimu akagonga namba ileile, sahihi kabisa, safi, imenyooka. Imenyooka kuliko ya kiwandani; ndicho nilichokiona kwanza. Kuzunguka tarakimu kulikuwa na alama za diski.

Machoni pa sheria hiyo haina tofauti na gari la wizi. Mimi siwezi kuandika kwamba naamini sura ya mzee. Gari lake lilisimama miezi likisubiri uchunguzi wa polisi, kwa namba ambayo haikuwa ya uongo.

Kutu ikiwa juu ya namba, iache. Nipigie kwanza. Kutu huondolewa kwa kimiminika na brashi laini, mbele ya mtu mwenye mamlaka, na chuma kikiwa kimeliwa kabisa, ni mamlaka ndiyo inayotoa namba au kibali cha kuigonga. Na usishtuke ikiwa namba ya gari lako ni fupi. Zile za tarakimu na herufi 17, zisizo na I, O wala Q, zilianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na desturi yake. Kompyuta ya dirisha la usajili ikikataa namba yenye herufi tisa, usiiongezee sifuri mbele ili ikubali, kama nilivyoona mtu akifanya. Karatasi na chuma vitakuwa havilingani tena. Omba barua ya kiwanda inayothibitisha namba na tarehe ya kutengenezwa, viwanda vingi vya zamani vina kumbukumbu hizo, uiambatanishe na picha ya namba ilivyo, pamoja na kutu yake.