Seli T huamshwaje virusi vikiingia mwilini?

Mtoto akishikwa na mafua, mpapase shingoni chini ya taya. Huenda ukakuta vivimbe kama punje za maharage, vinauma ukivibonyeza. Hizo ni tezi za limfu, na zimevimba kwa sababu humo seli T zinaamshwa.

Seli T ni chembe nyeupe za damu. Huzaliwa kwenye uboho, hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Ndiko ilikotoka hiyo herufi T. Kila moja hutambua umbo moja tu la kipande cha protini. Ni kama mnunuzi wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, aliyefuata sangara: dagaa wakipita, sato wakipita, hageuzi shingo. Wala haendi ziwani. Anasubiri mzigo uletwe.

Mletaji ni seli dendriti, yenye matawi matawi, aliyoieleza Ralph Steinman mwaka 1973. Hushika doria kwenye ngozi, puani na mapafuni. Ikinasa virusi huvikatakata, husafiri hadi kwenye tezi, kisha huvitandaza vipande juu ya molekuli za HLA kama samaki juu ya sinia. Seli T hupita zikikagua, na karibu zote huondoka mikono mitupu.

Hata ile iliyokuta kipande chake haiamki bado. Inataka ishara ya pili: seli dendriti iliyohisi hatari huchomoza protini za B7, zikashikana na CD28, protini iliyo juu ya seli T. Bila hiyo, seli T hupooza. Hapa ndipo ninapovua kofia, maana vipande vya mwili wetu wenyewe navyo hutandazwa kwenye sinia hilohilo kila siku, na kukosekana kwa ishara hiyo ya pili husaidia seli T zisiushambulie.

Ikishaamka hugawanyika, moja ikawa maelfu kwa muda wa wiki hivi. Zenye protini ya CD8 juu yake huisaka seli iliyoambukizwa, huitoboa kwa protini ya perforini na kuiingizia vimeng'enya vya granzaimu, nayo hujiua. Zenye protini ya CD4 huwasukuma wengine kazini, zikiwemo seli B zinazotengeneza kingamwili. CD4 wengi tuliisikia kwenye benchi la kliniki kabla ya darasani, kwa kuwa ndizo VVU huzivamia. Zikishuka chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu, kinga imedhoofika sana.

Mafua yakiisha, vile vivimbe hunywea. Seli T nyingi zimekufa, kazi imekwisha. Chache hubaki kwa miaka, na kirusi kilekile kikirudi hazingoji wiki.